Fundi wa Sefu na Deni la Shemeji

Mume wangu ni fundi wa sefu za serikali, na kazini wanamwita Mgongo. Jina hilo hakulipata bure. Sefu ikishafunguka tu, anageuka, anautazama ukuta, wala hageuki tena mpaka mwenye ofisi amwambie amemaliza. Ni miaka kumi na tisa sasa. Hata nyumbani nikifungua pochi yangu anageuka, nami humcheka mpaka mbavu ziniume.

Kila baada ya miaka mitano kibali chake cha usalama huhakikiwa upya. Bila kibali haingii ofisi yenye sefu, na bila sefu hana kazi. Safari hii tuliitwa wote wawili. Nikavaa gauni langu la kijani, nikijua ni yale maswali ya kupoteza muda: mna watoto wangapi, mnaishi wapi.

Chumba kilikuwa na meza moja, viti vitatu na feni mbovu. Afisa upekuzi, mama mmoja mpole wa miwani, alimsogezea mume wangu fomu.

“Hapa umeulizwa kama una deni lililokwama. Umeandika huna.”

“Sina, mama.”

“Na hili la benki? Linaingia mwaka wa tatu.”

Nilidhani wamechanganya mafaili. Kisha akasoma jina la mkopaji, na lilikuwa la kaka yangu, tumbo moja! Alikopa kununua pikipiki za biashara, biashara ikafa, naye akaingia mitini. Benki ikamgeukia mdhamini, ambaye ni huyu ninayelala naye kitanda kimoja. Mwaka wa tatu huu, na mimi sijui lolote.

“Barua za benki zilikufikia?” afisa akauliza.

“Zilifika. Ziko kwenye sanduku la vifaa. Sikuzifungua.”

“Kwa nini?”

“Deni ni la shemeji yangu, mama. Niliona si vizuri kuchungulia mambo yake.”

Jamani! Nilitaka kumzaba kibao mbele ya serikali. Barua zina jina lake, saini ya udhamini ni yake, yeye anaona haya kuchungulia!

“Baba, deni peke yake halimnyimi mtu kibali,” afisa alisema taratibu. “Ungekuja ukasema, tungeangalia unavyolilipa. Linalotutisha ni hili la kuficha, maana mtu aliyebanwa ni rahisi kununuliwa. Sasa niambie. Kuna mtu amewahi kujitolea kukulipia?”

Nikaguna. Nani huyo wa kumlipia? Nikamtazama mume wangu nikitegemea aseme hapana upesi twende zetu. Alikuwa anatokwa na jasho.

“Shemeji alinipigia Jumapili,” akasema. “Ana rafiki yake yuko tayari kulimaliza lote. Anataka tu kujua sefu ya ghorofa ya tatu ni ya aina gani.”

Jumapili hiyohiyo kaka alinipigia na mimi, akaniuliza watoto wanaendeleaje.

Afisa alivua miwani. “Ukamjibu nini?”

Sema ulikata simu, nikaomba kimoyomoyo. Sema ulimtukana. Hata kama ulimtusi mama yetu aliyetuzaa, leo nakusamehe.

“Nilimwambia anipe siku mbili, nifikirie.”