Udongo Uliokataliwa na Ng'ombe

Mectilda alizaliwa Bukoba kwenye migomba, akasomea udongo Morogoro, kisha akapangiwa kazi Katesh akidhani atakaa kidogo. Nywele zikaanza kuota mvi hapo hapo. Maisha yake ya utafiti aliyamalizia kwenye malisho yaliyokufa, kuanzia Yaeda Chini hadi tambarare za magadi za Hanang, akichimba mashimo na kuuonja udongo kama mpishi anavyoonja mchuzi.

Kipande alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kipara cheupe kwa magadi. Alikizungushia miiba mifugo isiingie, akachimba makinga maji, akatandaza samadi. Mvua ikaanza kuzama badala ya kukimbia. Nyasi zikarudi, na wenye ng'ombe wakarudi nazo, wakitaka kifunguliwe.

Msemaji wao alikuwa Mzee Akonaay.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari wa udongo. Mgonjwa wako amepona, mbona bado umemlaza wodini?"

"Ndiyo kwanza anakaa kitandani, mzee. Ukimsimamisha leo, ataanguka."

"Basi tutamuuliza mwenyewe kesho mkutanoni."

Watu wakacheka. Mectilda hakucheka sana, kwani kama mkutano ungeamua kufungua, kazi ya miaka yote ingekanyagwa kwa msimu mmoja.

Jioni hiyo alianika udongo kwenye turubai nyuma ya ofisi ya kijiji, mafungu matatu: wa nje ya miiba, wa ndani wa juu, na wa ndani wa chini kabisa shimoni. Akaenda kunywa chai kwa Ludovika, mwenyekiti wa kijiji. Kurudi, akamkuta ng'ombe mwekundu wa Akonaay amezamisha mdomo kwenye turubai.

Alimfukuza kwa kanga, machozi yakimlenga. Kisha akainama, akatazama vizuri, akaanza kucheka peke yake. Udongo wa nje ulikuwa umelambwa wote. Wa ndani wa chini, vivyo hivyo. Ule wa juu, ng'ombe alikuwa ameunusa tu akauacha.

Kesho yake alileta mkutanoni mabeseni matatu yenye udongo mpya wa mafungu yale yale, kwa mpangilio ule ule.

"Mzee, niazime ng'ombe wako. Mchague mwenyewe, usije ukasema nimemfundisha."

Akonaay akamleta yule yule mwekundu. Ng'ombe akalilamba beseni la kwanza, akanusa la pili akageuza kichwa, akalivamia la tatu.

"Ng'ombe hulamba penye magadi. Juu yamekwisha," Mectilda akasema. "Chini bado yapo. Tukiingiza kwato sasa, ardhi itashindiliwa, maji hayatazama, na magadi yatapanda tena."

Akonaay alimgeukia ng'ombe wake.

"Nimekulisha miaka yote hii," akamwambia, "halafu unanitolea ushahidi?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Ludovika aliposema wapige kura, Akonaay alikuwa wa kwanza kuinua mkono: miiba ibaki, nyasi zikatwe kwa mundu na kubebwa nyumbani.

"Ila daktari," akaongeza, "mzigo wangu wa nyasi utaubeba wewe."

Nyasi zilipokatwa, Mectilda akaubeba, akiimba njia nzima.