Shimo Kabla ya Kuteleza

Habari za kifo chake nilizipata kwenye duka la simu nilikokwenda kupiga nyumbani. Dada wa Kikongo anayekaa pale kaunta aliniambia taratibu, huku akinihesabia dakika zangu, kwamba yule papa, yaani mzee kwa lugha yao, aliyekuwa akilinda magari mtaa wa Berea hapa Durban amefariki kwa ugonjwa wa kifua, na matanga yako Cato Manor. Nilikaa kwenye benchi nikasahau hata namba niliyotaka kupiga. Wasomaji wangu wa siku nyingi wananijua, mimi si mwepesi wa kusifu watu, wakubwa hasa. Leo nitamsifu mtu ambaye wengi wenu mngempita mkitafuta pa kuegesha gari, na naomba mnivumilie.

Alizaliwa chini ya milima ya Ruwenzori, upande wa Kongo, na kwa miaka mingi alibeba mizigo ya wageni waliokuwa wakipanda hadi kwenye theluji. Kwa wageni hao alijifunza kuisoma theluji kama wengine wanavyojifunza useremala. Vita vilipomtoa kwao akafika Durban na mke na watoto, akapewa kizibao cha kung'aa na kipande cha barabara cha kulinda. Asubuhi moja ya baridi alimwona bwana mmoja akifunga juu ya gari zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: chepe la kuchimbia theluji liko wapi? Yule bwana, mwenye nyumba ya wageni kule milima ya Drakensberg, alidhani anataniwa. Walipoelewana, alimchukua awe mkaguzi wake wa theluji kwa majaribio ya msimu mmoja, akaahidi kwamba mambo yakienda vizuri atampa kazi ya kudumu na nyumba ya kukaa na familia yake huko huko mlimani. Kwa mtu aliyelala na watoto wanne chumba kimoja, hilo halikuwa jambo dogo.

Mimi niliingia kama mkalimani, Jumamosi moja nilipokuwa sina zamu ofisini bandarini. Theluji ilikuwa imeanguka siku tatu mfululizo na upepo mkali, kisha jua likatoka, na wageni wanne wakawa na hamu isiyosemeka. Kabla ya mtu yeyote kuvaa mbao zake, marehemu alichagua kimteremko kidogo kisicho na hatari, kilichoelekea upande ule ule na ule mkubwa, akachimba shimo hadi kifuani kwa chepe lake mwenyewe. Ukuta wa shimo akaujaribu tabaka kwa tabaka: hapa ngumi haiingii, hapa kidole kimoja kinaingia, hapa penseli tu. Chini kidogo ya katikati ngumi nzima ilizama bila kusukumwa. Akakata nguzo ya theluji, upana wa chepe, akalaza chepe juu yake na kuanza kuligonga kwa kiganja, polepole, mkono ukicheza kwenye kifundo tu. Kawaida, aliniambia, unagonga mara kumi hivyo, kisha kumi kutoka kwenye kiwiko, kisha kumi kutoka begani. Hakufika hata tano. Kipande cha juu kilichomoka kizima kikamwangukia mapajani, kimenyooka kama mche wa sabuni uliokatwa kwa waya.

Alisema leo hapana. Nilimtazama mwenye nyumba ya wageni, nikawatazama wageni waliokwisha kulipa, nikafikiria kile chumba kimoja. Kwa hiyo nikatafsiri kwamba mtaalamu wetu anaona pengine ingefaa kusubiri kidogo. Nilijiona nimemsaidia. Kiingereza chake hakikuwa kingi, lakini hicho alikisikia. Akanishika mkono wa koti.

"Ndugu, sema vile nimesema. Chini iko unga, juu iko nzito. Mutu moja akipita, yote inashuka naye. Hapana iko hapana."

Nikasema hivyo. Tukashuka. Ule mteremko ulikaa pale mchana kutwa ukimeremeta, haukudondosha hata konzi moja, na wageni walikuwa wakigeuka kuutazama. Wiki iliyofuata aliambiwa hahitajiki tena.

Alirudi kwenye kizibao chake. Siku moja nilimuuliza kama hajuti, maana theluji yenyewe haikuporomoka. Akajibu, "Tulipanda na batu wane, tulishuka na batu wane. Njo kazi yangu ile." Yaani hiyo ndiyo kazi yake. Bandarini kwetu yupo fundi anayekagua minyororo ya winchi kila asubuhi, na sijawahi kuona mtu akimshukuru kwa kontena ambalo halikuanguka. Tunampigia makofi anayeokoa. Anayezuia tunamwona mkorofi anayetuharibia siku. Na inaniuma kwamba mji huu umejaa watu wenye ujuzi wa namna hiyo waliofichwa ndani ya vizibao vya kung'aa, nasi tunawapungia mkono tu na kuondoka.

Matangani Cato Manor, tulipokuwa tumekaa, aliingia yule mwenye nyumba ya wageni akiwa na chepe mkononi. Lilikuwa limebaki ndani ya gari lake tangu siku ile, msimu wa baridi wa mwaka juzi. Niliitwa tena kutafsiri. Alisema akitazama chini kwamba alikasirika, akamnyima kazi mtu wa haki, kwamba tangu hapo hapandi bila kuchimba shimo, na mara mbili amewarudisha wageni. Sasa amekuja kurudisha mali ya wenyewe. Makali ya chepe yalikuwa yamelika na mpini umefungwa kwa utepe wa gundi.

Mjane alilipokea, akalishika mapajani kwa muda, akapitisha kidole kwenye yale makali. Kisha akamrudishia.

"Rudi nayo, papa. Kule juu baridi haiyaisha."

Nililia, sioni haya kusema. Lakini kwanza nilitafsiri, na safari hii sikulainisha kitu. Hilo ndilo nililobaki nalo kutoka kwake: neno linalolinda uhai wa mtu lifikishwe zima, hata kama anayelisema atalala njaa kwa sababu yake.