Samaki wa Kumbakisha Bibi

Koti la baba la kuvulia lilinuka udongo mbichi, sufu iliyorowa na minyoo. Mama alilipiga marufuku lisiingie ndani, kwa hiyo lilining'inia nje, kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ya Walthamstow, na kila Jumamosi ya mwezi ule wa Machi baba alilivaa likiwa bado na unyevu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Watu wakisikia baba yangu ni Mpemba hudhani alizaliwa na ndoano mkononi. Ukweli ni kwamba alikulia Wete mjini, akipima vitambaa katika duka la mjomba wake, na bahari aliijua kwa kuitazama tu. Kuvua alijifunzia London, ukubwani, tena kwa ajili ya mama yake.

Bibi aliletwa kwetu mwanzo wa baridi, baada ya babu kufariki. Baba alikuwa mtoto wake wa pekee, na roho ilimuuma kila alipomfikiria yuko peke yake katika nyumba ile. Bibi hakulalamikia baridi, wala ngazi, wala kelele za majirani. Alilalamikia samaki. Katika soko letu, lile refu lililojaa mtaa mzima, walikuwepo nguru, changu, hata pweza, wote wamegandishwa kama mawe. Mama aliwapika kwa nazi ya kopo, akawakaanga, akawachoma kwenye oveni. Bibi alimega kipande, akakitafuna kwa adabu, kisha akaisogeza sahani. "Huyu kafa zamani," alikuwa akisema, "mpaka mwenyewe kasahau kama alikuwa samaki." Akashikilia chai na mkate, akakonda mpaka bangili zake zikawa zinapanda hadi kiwikoni. Daktari alisema mzee wa umri ule hawezi kuendelea hivyo. Ndipo baba akamwuliza waziwazi kama atakaa nasi au la. Bibi akajibu kwamba akiletewa samaki wa hapa hapa, aliyetoka majini siku hiyo hiyo, akamla na moyo ukamkubali, atabaki. La sivyo, arejeshwe kwao kabla ya Idi Kubwa. Baba aliyachukua maneno yale kama mkataba.

Mwalimu wake alikuwa Papa Elia, jirani yetu, Mkongo wa Uvira, ambaye alifanya naye kazi ya kusafisha mabasi. Huyu ziwa alilijua kweli, kwani alikulia kando ya Tanganyika. Wawili hao walikata kibali cha kuvua katika bwawa moja kubwa lisilo mbali na kwetu, wakanichukua na mimi, kwa sababu Kiingereza cha baba kilikuwa cha kazini na hakikutosha kuongea na wazee waliosimamia bwawa. Nilikwenda kwa kununa. Kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, miti mitupu, nyasi nyeupe kwa umande ulioganda, na maji yametulia hayana hata kiwimbi. Baba alitaka kurusha ndoano katikati kabisa, kama alivyoona kwenye televisheni.

"Hapana, Baba Zuwena," Papa Elia alimwambia, akimwita kwa jina langu kama kawaida. "Maji iko baridi, samaki inalala chini, haina hamu ya kula. Tungoje jua ipashe kidogo, hapa karibu na matete."

Baba hakupenda kungoja. Alirusha, akavuta, akarusha tena, na kila Jumamosi tulirudi mikono mitupu. Nyumbani Bibi alitazama ndoo, akaendelea na tasbihi yake, na baba akaenda kuoga muda mrefu kuliko kawaida.

Jumamosi ya mwisho mama alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, kwa hiyo Bibi tulikwenda naye. Tulimkalisha kwenye kiti cha kukunja, tukamfunika blanketi mpaka kidevuni, nikamshikia chupa ya chai ya tangawizi. Mchana jua lilitoka, jua lile la Machi linaloangaza bila kuchoma, na baba, kwa mara ya kwanza, alimsikiliza Papa Elia. Aliteremsha chambo karibu na matete na kutulia. Kiboya kilitikisika, kikazama. Samaki aliyetoka alikuwa mnene, mgongo wa kijani wenye mistari myeusi na mapezi mekundu, anarukaruka kwenye wavu. Bibi aliinuka na blanketi lake, akamgusa ubavuni kwa kidole. "Huyu mzima," alisema. "Huyu ntamla." Sijapata kumwona baba amefurahi vile, na mimi, niliyekuja kwa kununa, nilijikuta napiga makofi.

Mlinzi wa bwawa akatujia, mzee mpole mwenye kofia ya sufu. Alimsifu samaki, akauliza kama tunataka kupiga naye picha, kisha akasema sasa arudishwe majini. Nilimtafsiria baba. Alidhani nimekosea, akaniambia niulize tena. Niliuliza, jibu likawa lile lile: hapa kila mtu anavua, hakuna anayechukua. Hatukuijua sheria hiyo kwa kuwa hatukuwahi kupata samaki, na haikutupitikia hata kidogo kwamba mtu anaweza kuvua kwa nia nyingine isipokuwa kula.

"Mwambie tulilipa kibali," Papa Elia alifoka. "Kibali gani ya kushika, haiko ya kukula?" Kisha akanong'ona kwamba mlinzi akigeuka tu, tumtie samaki mfukoni.

"Samaki wa wizi sili," alisema Bibi. Alikuwa akiwatazama wavuvi wa jirani yetu, Waingereza wawili waliomlaza samaki wao juu ya kigodoro kilicholoweshwa. Mmoja alimpaka dawa mdomoni, pale ndoano ilipomtoboa, wakambeba kwa mikono miwili na kumwachia majini taratibu. Bibi akaangua kicheko, cha kwanza tangu afike London, mpaka machozi yakamtoka. Alipojifuta, sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mrejeshe, Omari. Na mimi n'rejeshe vivi hivi, ningali mzima."

Baba alipiga magoti ukingoni akaingiza mikono majini. Samaki alikaa kidogo viganjani mwake, halafu akaenda. Bibi naye aliondoka kabla ya Idi, akaishi Wete miaka mingi, akala samaki kila siku, na alipofariki alizikwa na watu waliomjua tangu ujana. Kwa muda mrefu nilidhani siku ile baba alishindwa.

Leo ninaishi Barking, na baba anakaa nami, mzee sasa kama alivyokuwa Bibi. Watoto wangu humjibu kwa Kiingereza, kama mimi nilivyokuwa nikijibu. Tofauti na mama yake, yeye anakula chochote anachowekewa, hata samaki wa barafu, na hajaniomba kurejea hata siku moja. Mimi ndiye ninayemwuliza. Mwaka jana nilimwambia nitamkatia tiketi, aende akapumzike kwao. Alimaliza kwanza wali wake, akaniuliza akifika Wete akapiga hodi, nani atamwitikia.