Pazia Lililofunguliwa Mapema

Wanaosimulia historia ya ukumbi ule maarufu wa Mwanza huanza na ngoma ya ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo. Wachache hukumbuka kwamba awali palikuwa ghala la pamba, na kwamba mfanyabiashara wa Kihindi aliyelimiliki alipanga viti humo ili jamaa zake watazame michezo ya kwao. Tamthilia yangu, ya kwanza ya Kiswahili kuchezwa humo, haitajwi na yeyote.

Nilikuwa nimerejea kwa meli kutoka Uganda, baada ya masomo ya juu yaliyoniachia mazoea ya kupima kila neno mara mbili. Jumamosi ya onyesho, mama alivuka ziwa kutoka Kamanga. Nilitaka jambo moja tu: anione jukwaani, asahau kwa saa moja kwamba ukoo wetu una manju, kiongozi wa ngoma ambaye wanawake humtungia sifa hata wakipalilia mihogo. Hata hivyo nilipomwamkia nilijiuliza: amevuka kwa ajili yangu, au kwa ajili ya manju huyo, ndugu yangu?

Maana mwenye ukumbi alikuwa amemwita ndugu yangu apige ngoma uani ili kuvuta watu, kisha anyamaze tuanze. Watu walijaa. Saa ya kuanza ilifika, ngoma ikaendelea. Niliwaza nimtumie mtu amwombe anyamaze. Nikaona kumwomba ni kumkubali. Nikaamuru pazia lifunguliwe.

Sikuwa nimemaliza maneno yangu ya kwanza watu walipoanza kuinuka. Hawakuzomea. Walijikung'uta nguo kwa adabu, wakatoka kuelekea uani, safu baada ya safu, kama watu wanaohama kivuli jua linapogeuka.

Mchezo ulipokwisha nilimkuta ndugu yangu akijifuta jasho. Nilimwuliza kwa nini hakunyamaza kama alivyopatana na mwenye ukumbi.

"Nilikuwa namalizia wimbo, kaka," alisema. "Ukafungua pazia ngoma yangu ikilia. Kwetu anayeanza mwenzake akiwa bado anapiga, huyo ameomba mashindano. Au huko Uganda walikufundisha vingine?"

Wenzake walicheka. Alisema kweli. Usukumani manju wawili hupambanishwa kwa saa ileile, na mtazamaji hana deni kwa yeyote. Huhamia penye utamu. Nililijua hilo kabla ya kujua kusoma. Watu walinong'ona kwamba ndugu yangu ana dawa ya kuvuta watu. Ningefarijika sana kama ingekuwa dawa.

Lakini si waliotoka ninaowakumbuka. Pale walipotoka ukumbi ukabaki mtupu, mama alikuwa bado ameketi mbele, kanga ameikunja mapajani. Nilishuka jukwaani, nikamwinamia.

"Nenda, mama. Wenzako wote wako uani."

"Nikienda, mwanangu, wewe utabaki na nani?"

Nikapanda tena, nikaucheza mchezo wote kwa ajili yake. Alinitazama usoni bila kupepesa, akitikisa kichwa kila penye huzuni. Wakati wote huo, chini ya kiti, mguu wake wa kulia ulikuwa ukifuata ngoma ya uani, wala haukukosea pigo hata moja.