Ovaroli Kumi na Mbili

Kazini hakuwa na jina jingine ila Kitinda. Alikuwa kitindamimba wa mama yake, mtoto wa sita, na dereva wa gari la taka aliposikia hivyo siku ya kwanza alilikata jina palepale. Limemganda mpaka leo, ambapo ana watu ishirini na wawili chini yake katika shedi ya kuchambulia taka.

Alipoanza alikuwa na miaka kumi na tisa. Kazi ilikuwa kukimbia nyuma ya gari, kunyanyua ndoo na viroba vya watu, kumwaga, kurudisha ndoo mahali pake. Siku ya pili alitapika kando ya mtaro. Dereva, mzee ambaye tumbo lake lilifika kila mahali kabla yake, alizima injini akamngoja bila kumcheka.

"Pua ina siku tatu," alimwambia. "Siku ya nne inakata tamaa, inakuachia ufanye kazi yako."

Ya Kitinda ilichukua siku nane, ila nayo ilisalimu amri.

Shida ilikuwa nyumbani. Mama yake, mjane, alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani, macho kwa macho na mtaa mzima, na wateja wake walikuwa watu wa kuuliza. Binti yako yuko wapi siku hizi? "Manispaa," mama alijibu, pini mdomoni. "Idara ya mazingira." Haukuwa uongo, ila neno mazingira alilitamka kwa namna ambayo msikilizaji aliona meza, feni na mhuri. Kitinda hakumsahihisha. Alioga kwenye yadi ya magari kabla ya kurudi, akasugua kucha kwa mswaki mkuukuu, akaingia nyumbani ananukia sabuni. Wakaishi hivyo zaidi ya mwaka, kila mmoja akimsitiri mwenzake.

Kisha ratiba za magari zikapangwa upya, na mtaa wao ukaangukia gari lao, Jumatatu na Alhamisi.

"Mzee, nibadilishe na mtu wa gari la tatu," Kitinda akamwomba dereva.

"Kuna nini?"

"Ni kwetu."

"Basi utajua ndoo zinakokaa," dereva akasema, akatia gia.

Jumatatu ile mama alikuwa barazani na wateja wawili, mmoja akipimwa kiuno. Kitinda alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Akimwita mama kwa sauti ya mtoto wa nyumbani, atamuumbua mbele za watu. Akainua ndoo, akasema kama mtu baki, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akasema, tepu mkononi, bila kuinua macho.

"Kumbe vijana wenye adabu bado wapo," mteja akasifu.

Jioni walikula pamoja na hakuna aliyeligusa jambo hilo. Alhamisi ikawa vilevile, na wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila mara "marahaba" ilizidi kuwa fupi. Kitinda alidhani mama anazidi kuona aibu, naye akazidi kuvuta kofia.

Jumamosi moja aliamka akakuta begi alilokuwa akifichia ovaroli limefunguliwa. Ovaroli ilikuwa kwenye cherehani. Alikuwa amepewa ya mwanamume mrefu: makwapa yameachia, miguu ameikunja mara tatu, na wiki ile pindo lilinasa kwenye ngazi ya gari akaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Hakumwambia mtu. Kumbe mama aliona, kutoka barazani.

"Hii nguo itakuua," mama alisema. Alikata miguu, akaongeza kipande kwapani ili mkono uinuke, akashona mfuko mpana wa glavu.

Wenzake walipomwona ananyanyua ndoo bila nguo kumvuta, walimzunguka. Kufikia mwisho wa juma Kitinda alirudi nyumbani amebeba ovaroli kumi na mbili za akiba, zimefuliwa, pamoja na ya dereva, aliyetaka tumbo liongezewe nafasi "kidogo tu".

"Mama, wanauliza kama..."

"Weka hapo."

Baraza haikutosha. Zilining'inia mlangoni na dirishani, za kijani, neno USAFI mgongoni. Jumatatu gari lilipofika, yule mteja msifu adabu alikuwa akiuliza, "Fundi, umepata tenda? Za kina nani hizi?"

Kitinda alisikia. Akainamia ndoo, akatoa salamu yake. "Shikamoo, mama."

Cherehani ikanyamaza.

"Marahaba ya nani?" mama akasema. "Wiki ya tano hii unanisalimu kama jirani wa mtaa wa pili. Mimi unanijua au hunijui?"

Dereva alizima injini ili asipitwe.

"Nilidhani hutaki wajue," Kitinda akasema.

"Nilikuwa nangoja uniite." Mama akamgeukia mteja. "Ni za mwanangu na wenzake. Huyu hapa. Kwa hiyo shoga yangu, chupa zilizovunjika zifunge pembeni, usije ukamkata mtoto wa watu."

Kitinda alisimama na ndoo, hajui aiweke wapi. Kicheko kilimshinda, na machozi yakamshinda, vikatoka pamoja.

Tangu hapo mtaa ule ukakosa raha. Mama alikagua viroba vya majirani kama karani wa forodha. Aliyechanganya karatasi na maganda alirudishiwa mlangoni. Karatasi za mtaa wao zilifika shedi zikiwa kavu, na mnunuzi wa maboksi chakavu, aliyezoea kukataa mizigo iliyolowa, aliuliza zinatoka wapi. Meneja akamwita Kitinda aeleze. Alieleza vizuri kiasi kwamba, baada ya miaka sita nyuma ya gari, alihamishiwa shedi. Huko alijifunza kutambua aina za plastiki kwa kuziminya tu, na baada ya miaka mingine minane akapewa usimamizi.

Mwaka jana mama alikwenda kumwona kazini kwa mara ya kwanza. Wakamletea kiti, hakukikalia. Alisimama kando ya mkanda unaopitisha taka, akiwatazama wachambuzi saa nzima.

"Wanasimama hivi kutwa?"

"Ndiyo, mama."

"Mkanda uko chini. Yule mrefu anainama kama ameangusha sindano. Mimi nimeinamia cherehani miaka arobaini, najua mgongo unavyolipiza."

Kitinda alikuwa amepita pale kila siku akiamini kuumwa mgongo ni sehemu ya kazi. Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea siku hiyohiyo. Mwezi haukuisha, mkanda ukainuliwa shubiri moja na nusu, na kwa mara ya kwanza yule mrefu alimaliza zamu bila kujishika kiuno.

Alipompelekea mama habari hizo, mama hakuuliza kama wameshukuru.

"Na wafupi mmewafanyaje?"

"Tumewawekea mbao za kukanyagia."

"Haya," mama akasema, akarudi kutunga uzi kwenye sindano.