Bangili Niliyoiita Dhahabu

Vipele vilinitoka kwenye kifundo cha mkono wa kushoto mwezi wa kwanza, Durban ikiwa na lile joto lake la unyevu ambalo mtu unaoga na kabla hujajifuta umeshaloa jasho. Vilikuwa vidogo, vyekundu, vimejipanga kama mstari. Viliwasha mpaka nikawa najikuna kwa mkia wa kitana katikati ya kumsuka mteja. Nilikuwa na mwaka wa nne kwenye saluni moja ya katikati ya mji, mali ya mama mmoja Mkongo ambaye sote tulimwita Maman.

Nilikuwa nimepanga chumba kwenye ghorofa jirani, na miezi miwili kabla nilimkaribisha humo mwanamke mmoja Mrundi. Alikuwa mjane, amenizidi umri kwa miaka kama kumi, si msemaji sana. Alikuja saluni kuomba kazi. Maman akampa kuosha wateja nywele, mimi nikampa godoro sakafuni. Nilimwita dada. Nilijiona mtu mwema kwa jambo hilo, na nadhani nililitaja mbele za watu mara nyingi kuliko ilivyopaswa.

Vipele vilipotoka, wa kwanza niliyemfikiria alikuwa yeye. Alikuwa amepita kambi ya wakimbizi kabla ya kufika huku, na lile blanketi alilokuja nalo sikuwahi kulipenda. Sikumwona akijikuna hata siku moja, lakini nilijiambia lazima anajikuna nikiwa sipo. Siku chache baadaye vikatoka vingine tumboni, chini kidogo ya kitovu, kiduara kama sarafu. Hapo shaka ikaniisha. Huu ni upele, nikasema, na unatembea.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji sikumwonyesha mkono. Niliona haya, maana nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na watu wawili wanaonifahamu. Nilimwambia tu kwa sauti ya chini kwamba nyumbani kuna mtu ana upele. Akanipa chupa mbili za dawa nyeupe ya maji, akanieleza kwamba kila anayelala humo ajipake kuanzia shingoni mpaka nyayoni, na matandiko yote yafuliwe kwa maji ya moto.

Jumapili mchana, dada aliporudi kanisani, nikamwekea chupa moja mezani.

"Dada, tumeambukizana upele," nilisema, ingawa nilichomaanisha ni kwamba yeye ndiye aliyeniambukiza.

Alininyooshea mikono yake miwili, akaigeuza juu na chini ili niione vizuri.

"Mimi siko na kitu," alisema.

"Jipake tu, dada. Chumba ni changu na mimi siwezi kuishi hivi."

Akachukua chupa akaenda nyuma ya pazia. Dawa ile inachoma, nami niliujua ukali wake kwa sababu nilikuwa nimeshajipaka, lakini kule nyuma ya pazia sikusikia hata mguno. Alipotoka alichemsha maji sufuria baada ya sufuria, akafua mashuka yote, yake na yangu.

Kesho yake mkono wangu ulikuwa umevimba na vipele vinatoa maji. Badala ya kujiuliza kama dawa ni yenyewe, nikaona upele huu ni sugu. Nikamwita Maman pembeni na kumwambia kwamba yule muosha nywele ana upele, ameniambukiza, na si vizuri aendelee kugusa vichwa vya watu. Maman anajua biashara yake. Neno kama hilo likitoka nje, saluni inabaki na viti vitupu. Alimwambia dada apumzike nyumbani kwanza mpaka apone. Dada alikuwa anakunja taulo. Alinitazama kupitia kioo, akamaliza kukunja, akaondoka.

Siku tatu baadaye alihamia kwa familia moja ya kanisani kwake, upande mwingine wa mji. Chumba alikiacha amekifagia.

Mkono ulipozidi ndipo nilipokwenda kliniki. Nesi alikuwa mama wa Kizulu wa makamo, akaniongelesha Kiingereza cha polepole ili nimwelewe. Aliniangalia kwa taa katikati ya vidole, kwenye makwapa, kwenye viwiko, asione kitu. Akauliza kama kuna mwingine nyumbani anayewashwa. Nikasema alikuwepo, niliyekuwa nakaa naye. Akauliza kama nimeviona vipele hivyo mwilini mwake, na ikabidi niseme hapana.

Kisha akaniuliza huwa ninavaa nini pale mkononi.

Nilikuwa na bangili. Nilikuwa nimeinunua kwa wachuuzi wa barabarani, lakini saluni nilisema ni dhahabu, nimeletewa na kaka yangu kutoka Dubai. Hata mkono ulipoanza kuwasha niliendelea kuivaa kila asubuhi nikienda kazini. Nikaitoa kwenye mkoba. Nesi akaikwaruza kwa ukucha, rangi ikatoka kirahisi. Halafu akaniambia nimwonyeshe tumbo. Alitazama kile kiduara, akakigeuza kifungo cha suruali yangu ya jinzi, na nyuma yake kulikuwa na chuma kitupu kinachogusa ngozi palepale penye vipele.

Alisema ni nikeli, madini yanayochanganywa kwenye vyuma vya bei rahisi. Ngozi ya watu wengine haipatani nayo, na jasho linazidisha. Hakuna aliyeniambukiza wala niliyemwambukiza. Ile dawa ya upele ndiyo iliyouchoma mkono zaidi. Akanipa krimu ya kupaka kidogo tu mara mbili kwa siku, akanikataza sabuni za manukato, akaniambia nishone kitambaa nyuma ya kifungo na bangili nisiivae tena.

Mkono ulianza kupona ndani ya wiki. Mimi nikakaa kimya. Kusema ukweli kulimaanisha kusema habari ya bangili, na niliona bora mtu mwingine aendelee kuitwa mwenye upele kuliko mimi kuitwa mwongo. Wenzangu waliponiuliza mkono unaendeleaje, nilijibu kwamba dawa imesaidia. Waliielewa walivyoielewa, na mimi nikawaacha.

Wiki mbili zilipita hivyo. Siku moja mteja wa siku nyingi aliketi kwenye sinki akamuulizia yule dada mwenye mikono laini. Msusi mwenzangu akajibu mbele ya wote kwamba aliondolewa, alikuwa na upele. Yule mteja akashika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Hakuwa na upele," nilisema. "Ni mimi. Ni ile bangili, na si dhahabu."

Maman aliuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia.

"Wiki mbili unaniacha nachafua jina ya mutu?" alisema. Akaniagiza nimfuate mwenyewe nikamwombe arudi.

Nilikwenda Jumapili. Dada alinipokea uani, akanitolea kiti na yeye akakaa kwenye ngazi. Ngozi ya katikati ya vidole vyake ilikuwa bado inabanduka kwa ile dawa. Nilimweleza yote bila kuficha bangili, nikamwomba msamaha.

"Nilijua siko na kitu," alisema. "Nilipaka sababu nilikuwa nalala kwako. Ningefanya nini?"

Alisema amenisamehe, na naamini alisema kweli, lakini saluni hatarudi. Alikuwa amepata kazi ya usafi kwenye shule ya watoto wadogo na ilikuwa inamtosha. Maman alimtumia salamu na ombi mara mbili baada ya hapo, jibu likawa lilelile.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipokuwa tunangoja teksi alinishika mkono wa kushoto, akaupandisha mkono wa blauzi na kupitisha kidole pale palipokuwa na vipele.

"Imepona?" aliuliza.

Nikamwambia mkono umepona. Alifurahi kama mtu aliyekuwa na wasiwasi nao muda wote, na mimi nilitazama chini mpaka teksi ilipofika.