Usaha wa Dada Tránsito

Ligia Erazo hakupenda kuulizwa habari za kazi akiwa mezani anakula. Kila tumbo lililopasuliwa katika hospitali yetu ya Pasto, Kolombia, na kukutwa na uchafu, usaha wake uliletwa kwake. Aliuotesha kwenye sahani, akapanga juu yake vipande vya karatasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali, akangoja. Dawa inayoua bakteria huacha duara safi kuizunguka. Nilipohamia maabara kuwa mwenzake, duara hizo zilikuwa zimeanza kusinyaa. Kila mwezi alipeleka habari hizo wizara ya afya huko Bogotá, na kila mwezi akapewa ahsante tu.

"Nimechoka kuleta habari mbaya," aliniambia. "Siku hizi madaktari wakiniona kwenye korido wanageuza njia."

Aliyemlea, mama yao alipofariki, ni dada yake Tránsito, muuza simbilisi wa kuchoma, wanyama wadogo kama sungura wanaofugwa kwetu kwa nyama, pale sokoni. Kila tumbo lilipomsokota, Tránsito alinunua vidonge vichache vya antibiotiki, akanywa mpaka maumivu yakapoa, vilivyobaki akawagawia majirani. Ligia alimkanya mpaka akachoka.

"Wewe na wadudu wako," Tránsito alimjibu. "Tumbo ni langu, nalijua."

Msimu wa mvua, kidole tumbo chake kilipasuka. Alikaa nacho nyumbani akimeza vidonge vyake, akaja kuletwa tumbo limewambwa kama ngoma. Daktari Burbano alimpasua, akamsafisha, akampa dawa tunayoanza nayo siku zote. Homa ikakataa kushuka.

Usaha ulipofika maabara, nilinyoosha mkono kuupokea.

"Niachie," Ligia akasema.

"Ni dada yako, Ligia."

"Ndiyo maana."

Matokeo yalipokuwa tayari aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha. Bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa karatasi, hata ya ile dawa tunayoiweka akiba. Karatasi moja tu ilikuwa na duara safi, ya amikasini. Alimpigia simu Burbano hapohapo, kisha akaanza kipimo upya, kwa matumaini kwamba amekosea.

Burbano alikuja mwenyewe, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Hii inaweza kumharibu masikio."

"Najua. Nitamwambia mimi."

Tulimkuta Tránsito amejikunja, midomo imekauka. Ligia alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Dada, imebaki dawa moja. Inaweza kukuponya. Inaweza pia kukuziba masikio."

"Zile nyingine zote?"

"Wadudu wamezizoea."

Tránsito alifumba macho. "Ni vile vidonge vyangu?"

Nilidhani Ligia atamwambia ndiyo, maana alikuwa amengojea swali hilo miaka mingi.

"Vyako, vya majirani, na vyetu humu hospitali," akasema. "Siwezi kujua."

"Basi nipeni. Nimeshasikia kelele za soko za kutosha."

Kipimo cha pili kilitoa jibu lilelile. Homa ilishuka polepole. Alipona, lakini sikio la kulia likafa kabisa, na la kushoto likabaki na kidogo tu. Ligia alikwenda choo cha wafanyakazi, akakaa humo muda mrefu. Sikumgongea mlango.

Baadaye Burbano aliwaleta madaktari wenzake maabara, wakapitia matokeo ya matumbo yote ya miaka ile, wakakubaliana kubadilisha dawa ya kuanzia kwa utumbo uliopasuka. Mmoja aliuliza mabadiliko hayo yatasaidia kwa muda gani.

"Tutaendelea kupima," Ligia alijibu, ameegemea ukuta. Hakuonekana mwenye furaha. Alionekana kama mtu anayetaka kuketi.

Tránsito amerudi sokoni. Vidonge hagawi tena, na jirani akimwomba anamfukuza kwa sauti inayosikika mpaka kanisani. Jumapili Ligia humsaidia kugeuza nyama. Hawagombani siku hizi. Kugombana na Tránsito sasa kunataka kupiga kelele, na nguvu hizo Ligia hana.